Sproketi ya nyuma kwenye baiskeli ya injini: anza na tairi, injini itasubiri

Wadau, leo naongelea kitu kimoja tu kwenye hizi baiskeli za injini, sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni ya injini. Mtu akifungua boksi la seti ya injini ya kufunga kwenye baiskeli, mkono unaenda moja kwa moja kwenye injini, anaizungusha, anaulizia kabureta, anaulizia plagi, na ule mfuko wa nailoni wenye sproketi na raba na boliti unawekwa pembeni huko mpaka mwisho kabisa, unakuja kufungwa saa kumi na mbili jioni giza linaingia na kila mtu anataka kusikia mlio. Mi nasema anza na huo mfuko. Injini ikizingua utasimama pembeni ya barabara, utapiga pedeli mpaka nyumbani. Sproketi ikizingua cheni inatoka, tairi la nyuma linakamata, na kama uko unashuka kutoka Ilboru kuja Sanawari hapa Arusha na dumu la maziwa kwenye keria hapo unaenda chini na hamna mjadala.

Kwa ambaye hajaziona kwa karibu ni hivi. Kulia kuna pedeli na cheni yake na frii yake, ile inayoacha tairi lizunguke pedeli zikiwa zimesimama, kama baiskeli yoyote. Kushoto ndiyo kuna sproketi ya injini, na huko kushoto hakuna frii. Tairi likizunguka sproketi inazunguka, cheni inazunguka, hata kama injini umezima na klachi umeshika. Kwa hiyo cheni ile haipumziki muda wote baiskeli inatembea. Ikitoka kwenye meno inadondokea ndani, kati ya sproketi na spoku, inajifunga hapo hapo na tairi linagoma. Hiyo ndo sababu nawaambia watu hii kazi haitaki haraka.

Ndani ya ule mfuko mara nyingi unakuta sproketi ya meno 44 yenye matundu 9, raba mbili nene za duara, vipande vya chuma vilivyopinda vya kukaa upande wa ndani, na boliti 9 za milimita 6 ambazo nati zake ni spana ya 10. Mpango wake ni kwamba raba moja inakaa nje ya spoku, nyingine ndani, sproketi nje kabisa, vile vyuma ndani kabisa, boliti zinapita katikati ya spoku na kubana vyote pamoja. Yaani nguvu yote ya injini inapita kwenye spoku, na siyo kwa kuzivuta kama zilivyozoea, inazisukuma kwa ubavu. Spoku imetengenezwa kuvutwa. Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu kinachoharibika huko nyuma.

Sasa kabla hujashika spana hesabu spoku. Siongei utani, kaa chini uhesabu, weka alama kwa chaki pale ulipoanzia. Ile seti imepangwa kwa tairi la spoku 36. Upande wa kushoto unakuwa na 18, tisa zimelala kuelekea mbele na tisa kuelekea nyuma, zinapishana, na matundu tisa ya sproketi yanaangukia kila moja kwenye nafasi inayofanana na mwenzake. Ukigawa 36 kwa 9 unapata 4 kamili, hakuna kinachobaki. Lakini zile baiskeli ndefu za inchi 28 za mtindo wa Kiingereza, zenye breki za fito, ambazo ndo zinabeba mizigo huku kwetu miaka nenda rudi, kwa kawaida zimesukwa spoku 32 mbele na 40 nyuma. Arobaini kwa tisa haigawanyiki. Upande mmoja una 20, jozi kumi, na wewe una boliti tisa. Boliti mbili tatu zitaingia vizuri, zilizobaki zitakuwa zinaegemea spoku, na fundi akiona haziingii anachukua bisibisi anaisukuma spoku pembeni, boliti inaingia, anafurahi. Hiyo spoku imeshakufa, bado kuzikwa tu.

Kuna chalii mmoja wa Ngaramtoni alikuja na tairi la hivyo, alikuwa anapeleka mboga soko la Kilombero alfajiri. Akaniambia, "Shikamoo bro, hizi spoku ni feki, nabadilisha kila mara zinakatika." Nikamwambia weka tairi hapa tuangalie pamoja. Zilikuwa zimekatika tatu, zote mahali pamoja, kwenye kile kiwiko ambapo spoku inapinda kuingia kwenye tundu la habu, kile kitovu cha tairi. Nikazishika moja moja nikamgeuzia kwenye jua aone kichwa cha mkato. Nusu ya mkato ilikuwa nyeusi, imeshaingia uchafu na kutu, na nusu nyingine inang'aa kabisa. Ile nyeusi maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, kila tairi likizunguka unaongezeka kidogo, na inayong'aa ndo ile iliyobaki inashikilia peke yake mpaka ikachoka. Hizi zilikuwa zinakunjwa kila mzunguko na boliti iliyokaa vibaya. Tukahesabu, 40. Akasema, "Kaka, kwa hiyo mi nilikuwa nanunua spoku bure?" Ndiyo, ilikuwa bure, na hela yenyewe ni ya mboga.

Kama una tairi la 40 au la 32 una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kusuka tairi upya na habu ya matundu 36 na rimu ya 36, na ukisuka omba spoku nene za namba 12 badala ya 14, namba ikishuka waya unanenepa, wengine huwa wanafikiri kinyume. Angalia tu matundu ya habu yanazipokea. Ya pili, na kwangu mimi hii ndo bora kuliko zote hata kama spoku zako ni 36, ni kuacha kabisa kutundika sproketi kwenye spoku na kuishikisha kwenye habu yenyewe.

Hapa baiskeli za mitumba zinatusaidia sana. Zile za milimani zenye breki ya diski nyuma, ukitoa ile diski kushoto unakuta uso wa habu wenye matundu 6 ya boliti za milimita 5, yamepangwa kwenye duara la milimita 44. Kile kitako kimewekwa pale kubeba nguvu ya breki, na breki ni nguvu kubwa jamani. Unaenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, Unga Limited hawakosekani, unampa habu na sproketi yenyewe mkononi, siyo picha ya kwenye simu, anakutengenezea sahani ya chuma yenye matundu 6 ya kukaa kwenye habu na 9 ya kushika sproketi, na katikati anaacha kingo ya duara ambayo sproketi inakalia kwa kubana. Ile kingo ndo siri ya kazi yote maana inaiweka sproketi katikati yenyewe. Arusha tuna bahati, mji una taasisi za uhandisi kama TEMDO na CAMARTEC, una Chuo cha Ufundi, mafundi wanaojua kusoma kipimo cha venia siyo wa kutafuta kwa tochi. Ukifanya hivyo ujue diski ya nyuma umeipoteza, kwa hiyo lazima rimu iwe ya kukubali breki za kubana kwenye rimu na hizo breki ziwepo na zifanye kazi kabla injini haijawashwa.

Kuna pia klempu za vipande viwili zinazobana habu kwa nje ya ule ukingo wa spoku. Ni nzuri, ila zinataka habu iwe imetokeza nje vya kutosha, kama zile za breki ya kurudisha pedeli nyuma. Pima kipenyo sehemu mbili tatu, kama habu imenyanyuka katikati au imechongoka klempu itateleza tu hata ukikaza vipi.

Na sasa kuchomelea. Hii inaniumiza kwa sababu ndo ushauri wa kwanza mtu anapewa mtaani, "peleka kachomelee, utasahau." Habu nyingi za siku hizi ni alumini, sproketi ni chuma, hivyo viwili havishikani kwa umeme wa kuchomelea, utapata uji wa alumini na habu imeoza. Habu ya chuma itashika, sikatai, lakini joto lile linaingia mpaka kwenye vikombe vya gololi, vinapoteza ugumu wake, baada ya muda koni zinazobana gololi zinalegea, tairi linacheza, na tairi likicheza cheni inatoka. Pia sproketi ikipata moto upande mmoja inapinda, na ukishachomelea huwezi kuirekebisha tena, utakata. Na siku meno yameisha utabadilishaje? Msichomelee. Kama fundi anang'ang'ania tafuta fundi mwingine.

Haya, tuseme una spoku 36 nzima, sahani ya kukereza hela haijapatikana, unataka kutumia raba zilizokuja kwenye boksi. Inawezekana na watu wanatembea nazo, ila ifanye kwa heshima. Toa tairi kwenye fremu. Shika ekseli utikise, kama koni zinacheza kaza kwanza. Nyoosha rimu kwanza. Spoku gonga kila moja na spana sikiliza, inayolia kwa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Ukifunga sproketi kwenye tairi bovu utakuja kufungua tena tu.

Raba ya ndani inabidi uikate mara moja kwa kisu kikali ili uifungue uipitishe kati ya spoku kuzunguka habu. Ule mkato uweke katikati ya boliti mbili, usiuweke kwenye tundu la boliti. Alafu raba ya nje, alafu sproketi. Kama habu ina kifuniko cha vumbi kikubwa kuliko tundu la katikati, ambalo kwa kawaida ni kama milimita 38, usiigonge sproketi kwa nyundo iingie, chukua tupa uongeze tundu taratibu pande zote sawasawa. Sproketi zenyewe zina kabonde kidogo, hazijanyooka bapa, unaweza kuigeuza meno yaangalie ndani au nje. Amua kwa kuangalia cheni itapita wapi, isiguse tairi na isiguse fremu, hasa kama umeweka tairi pana.

Sasa ugumu wenyewe. Kwenye mfumo huu wa raba sproketi haikai juu ya chochote, inaelea, hakuna kinachoiambia katikati ni wapi zaidi ya macho yako. Mi nakata ukanda wa tyubu kuukuu nauzungushia habu mpaka lile pengo kati ya habu na tundu la sproketi linajaa sawa pande zote, ndo nafunga. Boliti chukua zilizoandikwa 8.8 kichwani, ndo alama ya uimara, zile za kwenye mfuko mara nyingi hazina hata alama, na nati za kuwa na nailoni ndani. Ingiza zote tisa kwa mkono kwanza. Kukaza ruka nne nne: ya 1, ya 5, ya 9, ya 4, ya 8, ya 3, ya 7, ya 2, ya 6, hapo unarudi ya 1. Kila mzunguko nusu nusu tu ya spana. Ukikaza kwa kufuatana, upande mmoja unazama raba inabinyika na sproketi inalala, hutakuja kuinyoosha tena mpaka ulegeze zote.

Ukishakaza kidogo rudisha tairi kwenye fremu bila cheni, funga waya mwembamba kwenye bomba la fremu ncha yake iwe karibu inagusa meno, zungusha tairi taratibu uangalie. Kuna kuyumba kwa aina mbili. Kuna kwenda kushoto na kulia, hiyo unarekebisha kwa kukaza upande ulioinuka. Na kuna kwenda juu na chini, yaani sproketi haiko katikati, hiyo kukaza hakusaidii, unalegeza boliti zote kidogo unaigonga kwa mpini wa mbao unarudia. Hii ya pili ndo mbaya zaidi na ndo watu hawaiangalii. Cheni inakazika kama uzi wa gitaa hapa, ukizungusha nusu inaning'inia, na ikishaning'inia kwenye lami mbovu inaruka. Milimita moja naipokea. Ikifika tatu nafungua, hata kama mwenye baiskeli amesimama hapo anaangalia saa.

Na kukaza kuna mwisho wake. Raba ikianza kutokeza kama mdomo pembeni ya chuma umepitiliza, na ukigonga spoku utasikia sauti zimebadilika kwa sababu umezivuta kutoka kwenye njia yake.

Cheni. Hizi seti zinakuja na cheni namba 415. Ya pikipiki zetu nyingi ni 428. Zote mbili hatua yake, yaani umbali wa pini mpaka pini, ni milimita 12.7, kwa hiyo ukiiweka 428 kwenye sproketi ya 415 inaonekana imekaa na mtu anaridhika. Haijakaa. Upana wa ndani wa 415 ni kama milimita 4.8, wa 428 karibu 8, na vile virola vya 428 ni vinene zaidi, 8.5 kwa 7.75, havifiki chini kabisa kwenye bonde la jino. Itacheza pembeni, itapanda juu ya meno, itatoka. Ukitaka cheni ya pikipiki badilisha na sproketi zote mbili, mbele na nyuma.

Ile puli ndogo ya kukazia cheni inayofungwa kwenye bomba la fremu naiogopa kuliko kitu chochote kwenye boksi. Inashikwa na klempu mbili kwenye bomba la duara, mtetemo ukilegeza inazunguka kwenye bomba na inaingia yenyewe kwenye spoku. Kama unaweza iepuke kabisa, kata cheni kwa urefu sahihi na vuta tairi nyuma kwenye fremu mpaka cheni ikibonyezwa katikati inashuka kama sentimita moja na nusu, hapo inatosha. Kama haiepukiki, na fremu ni ya chuma, hapa ndo mahali pa kuchomelea: kipande kidogo kwenye fremu cha kuizuia puli isizunguke. Na iwe kwenye mstari mmoja na sproketi, chuchumaa nyuma ya baiskeli funga jicho moja uangalie.

Kuhusu meno, kwa milima yetu 44 ni kidogo kwa mtu wa mizigo. Kwenye injini nyingi za aina hii kuna upunguzaji wa ndani wa 4.1, yaani injini inazunguka mara 4.1 ndo sproketi ya mbele inazunguka mara moja, alafu meno 10 mbele na 44 nyuma, jumla kama 18 kwa moja. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, tairi la inchi 26 linakupa karibu kilomita 27 kwa saa. Ukiweka 50 inashuka kama 24, unapoteza hizo tatu lakini kupanda Sekei na mzigo injini hailii na spoku hazipigwi ngumi kila ukiachia klachi. Kwa anayekaa Olasiti na anatembea peke yake 44 inamtosha.

Wakati wote wa kazi toa waya wa plagi. Cheni usiiguse tairi likiwa linazunguka, hata kwa kitambaa, hata kwa kupaka oili, kidole kikiingia kati ya cheni na jino hakitoki kizima. Na weka kinga ya bati upande wa kushoto, hasa kama unapakia mtu kwenye keria. Kanga ya mama au mkanda wa begi la mtoto ukishuka pale unavutwa ndani kabla hujajua kilichotokea. Bati la debe lililokunjwa vizuri na boliti mbili linatosha, halihitaji kuwa zuri.

Safari ya kwanza iwe fupi na tambarare, bila mzigo, alafu rudi ukague. Raba zinakuwa zimekaa, nati zote tisa zitakubali kukazwa tena kidogo, kwa ule ule mpangilio wa kuruka nne. Usubiri habu ipoe kama una breki ya ndani. Zungusha tena mbele ya ule waya. Siku ya pili kagua tena, wiki ijayo tena, na kipindi cha masika matope yakiganda kwenye raba osha kwanza ndo ukague maana tope linaficha nati iliyolegea. Spoku ikikatika hata moja usiendelee na injini, toa cheni ya kushoto, piga pedeli, kabadilishe hiyo moja siku hiyo hiyo, kwa sababu jirani zake wawili ndo wameanza kubeba kazi yake tangu ilipokatika.